Vibanio vya Mwalimu Wietske

Kitambaa kile Wietske alikishona mwenyewe, wiki nzima ya likizo ya Oktoba, na mtu akishona kitu kwa wiki nzima ni vigumu kumwambia kwamba kitu chenyewe kina kasoro. Kilikuwa na mifuko minane, kila mfuko na rangi yake, na juu ya kila mfuko alikuwa amedarizi neno moja: namba, maneno, muziki, picha, mwili, watu, nafsi, viumbe. Chini yake aliweka kikapu cha vibanio vya nguo, vile vya mti, ishirini na kimoja, kila kimoja kikiwa na jina la mtoto.

"Humu darasani hakuna mjinga," aliwaambia watoto siku aliyokitundika. "Kila mtu ana akili yake. Kazi yetu mwaka huu ni kuitafuta."

Alisema kweli tupu, na alikuwa na sababu. Katika nchi ile mtoto akifika miaka kumi na miwili, darasa la mwisho la shule ya msingi, mwalimu wake huandika ushauri: huyu aende shule ya ufundi, huyu ya kati, huyu ya juu. Ni karatasi moja tu, lakini watu huikumbuka mpaka wanazeeka. Kaka yake Wietske, Hidde, aliandikiwa kwamba asisumbuliwe na vitabu. Sasa Hidde anaunda mashua ambazo Wajerumani wanazisubiri miaka miwili, ila kwenye sherehe za kuzaliwa, watu wakikaa duara na kahawa na mazungumzo yakigeukia mambo ya dunia, yeye husema, "Mimi msiniulize, mimi nilikuwa mjinga wa shule." Neno hilo lilimkaa Wietske kooni miaka thelathini. Ndilo lililomfanya ashike sindano.

Basi toka Oktoba mpaka Krismasi aliwatazama watoto wake, na mmoja mmoja akawapachika. Riemer, aliyekuwa akimaliza kukokotoa chenji kabla mwenye duka hajafungua droo, aliwekwa kwenye namba. Pacha wawili wa daktari wa mifugo wakaenda kwenye muziki. Na Fardau, binti wa shamba la mwisho kabla ya ziwa, aliyekuja shuleni na majani makavu kwenye nywele na aliyejua ng'ombe anakaribia kuzaa kwa kumshika sikio, huyo Wietske hakufikiri mara mbili. Alibana kibanio kwenye mfuko wa viumbe akajisemea moyoni, huyu nimempata.

Januari aliandika ushauri wa awali. Fardau: shule ya ufundi, upande wa mifugo na kilimo. Mama yake akaitikia kwa kichwa, Fardau akaitikia kwa kichwa, Wietske naye akaitikia. Wote wakiitikia hivyo, mwalimu angepaswa kuingiwa na wasiwasi kidogo, lakini yeye siku ile alilala usingizi mzuri.

Februari ukaja mtihani wa taifa, na katikati ya Machi yakaja majibu. Sietse, mwalimu mkuu, aliingia na bahasha huku akitabasamu.

"Umepiga palepale," alisema. "Watoto ishirini na mmoja, ishirini na mmoja wamekubaliana na wewe. Nimekaa shule hii miaka kumi na tano, sijaona."

Wietske alifurahi, kwa nini asifurahi. Jioni yake, kwa ile furaha ya kutaka kuionja tena, akafungua vijitabu vya majibu kimoja kimoja. Alipofika kwa Fardau akaacha kufurahi. Hesabu zilikuwa maswali thelathini na manne. Kumi na nane ya kwanza Fardau alikuwa ameyapata yote. Kumi na sita ya mwisho hakuyajibu kabisa. Si kwamba alikosea. Hakugusa, karatasi ilikuwa nyeupe.

Kesho yake alimwita wakati wenzake wanavaa makoti.

"Fardau, kwenye hesabu, muda ulikuishia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Uliumwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Fardau alitazama dirishani. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na Machi hata hayo machache yalikuwa nje, malishoni.

"Nilimaliza yangu," alisema, akachukua koti lake akaenda.

Wietske alibaki akiligeuzageuza jibu lile asilielewe. Ushauri wa mwisho ulitakiwa kupelekwa Ijumaa saa tisa alasiri, baada ya hapo mlango unafungwa. Sheria ilimruhusu mwalimu kumpandisha mtoto hata kama mtihani umesema vingine, ila awe na sababu ya kuandika, na yeye sababu hakuwa nayo. Alikuwa na kurasa nyeupe tu. Jumatano shule inafungwa mchana, kwa hiyo Jumatano alipanda baiskeli akaelekea shamba la mwisho kabla ya ziwa, upepo ukimpiga usoni njia nzima.

Mama yake Fardau, Ymkje, alikuwa bandani akiosha mashine ya kukamulia.

"Kama umekuja kwa ajili ya ushauri, tulishaitikia Januari," alisema bila kugeuka.

"Nataka kuongea na Fardau kidogo tu."

"Fardau? Na leo ni Machi?" Ymkje akacheka. "Ukimtaka Machi umfuate malishoni. Chukua buti za Gosse pale mlangoni, hizo zako za mjini zitabaki kwenye matope. Na akisema simama, simama. Huko nje yule mtoto ni mkali kuliko mimi."

Machi ni mwezi wa kivit, ndege mwenye kishungi anayelia jina lake mwenyewe. Zamani watu wa jimbo lile walitoka mashambani kutafuta yai la kwanza la mwaka, na aliyelipata aliandikwa gazetini, akapewa mkono na wakubwa. Siku hizi mayai hayaguswi. Watu hutafuta viota ili wasimike fito mbili kando, mwenye trekta apite mbali. Wietske alikulia Leeuwarden, mjini, kwenye lami. Mambo hayo aliyajua kwa kuyasikia tu.

Alimkuta Fardau amejibanza nyuma ya lango la malisho, daftari limekaa juu ya goti. Wietske alilitambua daftari. Lilikuwa la hesabu, la shule, limegeuzwa kichwa chini na kuanzwa kutoka nyuma.

"Mwalimu, mbona umevaa buti za Baba?"

"Mama yako kanipa. Unatafuta nini?"

"Jike mmoja. Yule pale. Usinyooshe kidole, atakuona."

Wietske alitazama nyasi kwa bidii yote, kama alivyofanya kila kitu. Akaona nyasi.

"Usitazame chini," Fardau akamwambia kwa upole, kwa sauti ambayo Wietske aliifahamu, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe anapomsaidia mtoto aliyekwama. "Wote wanaotazama chini hawapati kitu. Mtazame ndege."

"Si anakaa kwenye kiota? Akiruka, unaenda pale alipoinukia."

"Ndivyo anavyotaka ufanye. Kivit ni mwongo, Mwalimu. Akishtuka haruki papo hapo. Anatoka kwenye kiota kwa miguu, ameinama, kimyakimya, anakimbia kwanza ndipo aruke. Ukienda pale utakuta nyasi tupu, na yeye yuko juu anakucheka."

"Sasa wewe unajuaje?"

"Nahesabu," alisema Fardau, na hakuona haja ya kuongeza kitu. Ilibidi Wietske amsihi.

Maelezo yenyewe yakawa haya. Lango likilia, jike anaanza kukimbia. Fardau anahesabu mpaka amwone akiruka. Safari hii alihesabu mpaka tisa, na kwenye nyasi fupi kama zile kila hesabu moja ni hatua mbili za Fardau, basi kiota kiko hatua kumi na nane nyuma ya pale alipoinukia. Nyuma kwa upande gani? Jike hukimbia akimpa mtu mgongo, ila hanyooki sana, kwa hiyo unasubiri arudi kukaa, halafu unamshtua kutoka lango jingine. Mara ya kwanza alikuwa ameinukia kwenye mstari mmoja na mnara wa kanisa, mara ya pili kwenye mstari mmoja na mtambo wa tatu wa upepo. Kila pale alipokuwa amesimama yeye mwenyewe, Fardau alifunga uzi wa kufungia majani kwenye waya wa ua, asisahau. Kisha akachora yote kwenye vile viraba vya daftari, akaangalia mistari inakutana wapi. Akaongeza kwamba upepo ukiwa mkali inabidi kupunguza kidogo, kwa sababu ndege huinuka upesi akiukabili.

Wietske alilichukua daftari. Kurasa na kurasa za viraba, mistari, vidoti, na pembeni mwa kila ukurasa safu ya namba ndogondogo.

"Na hizi?"

"Hayo ni makosa yangu. Nikishakipata kiota napima kwa hatua, nilikosea kwa kiasi gani. Mwaka juzi nilikuwa nakosea hatua kumi na tisa. Mwaka jana tisa. Mwaka huu mpaka sasa nne."

"Nne kila mara?"

"Si kila mara. Pengine mbili, pengine saba. Najumlisha zote nagawanya kwa idadi ya viota. Vinginevyo nitajuaje kama naendelea mbele au najidanganya?"

"Fardau," alisema Wietske taratibu, "huo ni wastani."

"Wastani ni ule wa kitabuni," Fardau akamjibu. "Huu ni wa ndege."

Akapita chini ya waya, mwalimu nyuma yake. Walivuka mtaro kwa ubao, wakaingia malishoni, Fardau akihesabu hatua midomo ikicheza. Mwishowe akainua mkono.

"Simama hapo. Hapohapo. Kiko karibu."

Wietske alisimama. Lakini daftari lilikuwa bado mkononi mwake, na kichwa chake kilikuwa kimejaa. Alitaka kuona kwenye karatasi ile mistari miwili ilipokutana, na jua lilikuwa linamwingia machoni, kwa hiyo akarudi nyuma hatua moja. Moja tu. Kitu kidogo kikapasuka chini ya buti la Gosse.

Yai lilikuwa na madoadoa, rangi ya udongo, na kando yake kulikuwa na la pili, zima, ndani ya kishimo ambacho Wietske hata sasa, akikitazama, hakukiona vizuri. Alisema samahani. Akasema tena.

Fardau alichuchumaa. Hakulia wala hakukasirika, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulibeba.

"Nilikwambia simama."

"Uliniambia."

"Atahama hapa. Atachimba kwingine, atataga tena." Fardau akalitazama anga, pale jike alipokuwa akizunguka na kulia. "Bado mapema. Ingekuwa Mei ndiyo basi."

Akaomba daftari lake, akapima kwa miguu kutoka pale alipoinulia mkono mpaka kwenye kishimo, akaandika namba kwenye safu.

"Hatua mbili," alisema, na kidogo akatabasamu. "Hatua mbili tu, Mwalimu."

Walirudi mpaka kwenye ubao wa mtaroni. Hapo ndipo Wietske alipouliza tena, kwa sababu asingeweza kurudi nyumbani bila kuuliza.

"Yale maswali kumi na sita. Uliniambia ulimaliza yako. Mengine yalikuwa ya nani?"

"Ya kina Riemer."

"Kwa nini ya Riemer?"

"Wao si ndio wa namba?"

"Nani alikwambia hivyo?"

Fardau alimtazama kwa mshangao, bila kinyongo hata chembe, kama mtu anayeulizwa leo ni siku gani.

"Si wewe, Mwalimu? Kibanio changu kiko kwa viumbe. Nilifanya mpaka la kumi na nane, nikaona yanaanza kukaza, nikasema haya si yangu, kwa nini nihangaike." Akavuta uzi mfukoni akauzungusha kidoleni. "Yule dada wa Groningen anayekuja na darubini, anayesoma pete za miguu ya ndege, mwaka jana aliniuliza kama ningeipenda kazi yake. Nikamwambia ndiyo, sana. Lakini nimeona kompyuta yake, ni namba mwanzo mpaka mwisho. Basi nitakuwa wa ng'ombe. Ng'ombe nao ni wazuri."

Wietske aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka thelathini alikuwa amemchukia mwalimu mmoja mzee kwa kumfungia Hidde mlango. Na yeye mwenyewe alikuwa ameufunga mwingine, kwa upendo, kwa nyuzi za rangi nane.

Jikoni Ymkje alimimina kahawa, akakata mkate wa sukari, kipande kimoja kila mtu, akaufunga tena kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilipekua daftari akalisukuma mezani.

"Januari ulikaa kiti hichohicho," alisema. "Ukaniambia mwanangu ana akili ya viumbe, na ni akili kamili kama nyingine. Nilifurahi, nakwambia ukweli. Leo unasema sivyo?"

"Ndivyo. Ila si hiyo peke yake. Nilikosea, Ymkje."

"Na mtihani nao ulikosea?"

"Mtihani alipewa mtoto ambaye nilishamwambia asiujibu."

Ymkje alisukuma kikombe chake kando. Nje, mbwa alibweka mara moja akaacha.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Wietske. Mimi nilipelekwa shule ya juu. Hujui hilo, maana wewe si wa hapa. Nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikashindwa, nikarudi. Unajua kurudi kulivyo kijiji hiki? Mpaka leo mwuza samaki wa Ijumaa ananiita profesa. 'Profesa, leo nikupimie vibua vingapi?' Mbele ya watu." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Sitaki arudi hivyo."

"Shule ya ufundi si aibu," alisema Wietske. "Akiichagua, nitamsindikiza kwa baiskeli mwenyewe. Lakini hajaichagua. Nimemchagulia mimi."

"Basi muulize yeye. Akitaka, nitatia sahihi. Ila atake yeye, usitake wewe."

Alhamisi Wietske alimwendea Sietse ofisini. Sietse hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi kukaa sawa.

"Ushauri na mtihani vimekubaliana," alisema. "Shule nyingine wanaomba usiku na mchana vikubaliane."

"Vimekubaliana kwa sababu vyote viwili ni mimi."

"Akianguka huko, jina lako ndilo litakuwa kwenye karatasi."

"Limo tayari," alisema Wietske.

Sietse aliguna, akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Kesho saa tisa," alisema. "Saa tisa na dakika moja mimi sina la kufanya."

Ijumaa asubuhi Wietske alisimama mbele ya darasa akakitungua kile kitambaa. Watoto waliinua vichwa. Walikuwa wamekizoea kiasi cha kutokiona, na sasa ukuta ulibaki na mraba mweupe.

"Nilikosea," aliwaambia. "Niliwaambia tutatafuta akili zenu, na nilipoona moja tu kwa kila mtu nikaacha kutafuta. Msinifuate katika hilo."

"Kwa hiyo mimi si wa namba tena?" akauliza Riemer, ameudhika kidogo.

"Ni wa namba, Riemer. Sijui na nini kingine. Sikuangalia."

Riemer alikwaruza meza kwa kucha. "Kwa sababu mimi nilitaka kuimba kwenye mchezo wa kuagana," alisema. "Sikujiandikisha. Kibanio changu hakikuwa huko."

Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka, maana pacha mmoja wa daktari wa mifugo alisema kwamba yeye kuimba hakupendi hata kidogo, alikuwa anangoja mtu amwulize. Baada ya hapo wakazungumza wote kwa pamoja kwa nusu saa, na Wietske aliwaacha, akisikiliza na kuhesabu kimoyomoyo ni wangapi. Walikuwa wengi kuliko alivyotaka.

Saa saba darasa lilikwenda ukumbini kufanya mazoezi ya mchezo, Riemer akiwa mbele. Wietske alimbakisha Fardau, akamwekea mezani yale maswali kumi na sita.

"Haya hayaleti alama tena. Yamepita."

"Sasa ya nini?"

"Nataka tujue unakosea kwa hatua ngapi."

Fardau aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu, akaona ujanja wenyewe, akaamua kuusamehe. Alichukua penseli. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Riemer, kubwa na ya furaha, ikipita kando ya wimbo. Fardau aliandika, akafuta, akaandika pembeni, safari moja akanyoosha penseli mbele ya jicho kana kwamba kuna mnara ukutani. Ilimchukua dakika hamsini. Wietske alijifanya anasahihisha insha, lakini kila ukurasa aliusoma mara mbili.

Wakasahihisha pamoja. Kumi na moja alipata, matano alikosa.

"Matano," alisema Fardau.

"Matano."

"Mwaka wa kwanza wa ndege nilikosa viota vyote." Alikaa akifikiri, na Wietske alijibana asiseme neno, jambo gumu kuliko yote aliyofanya wiki ile. "Nikienda shule ya juu nikashindwa nikarudi, wataniita profesa kama Mama?"

"Huenda."

"Yule mwuza samaki?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Fardau akalifikiria hilo nalo.

"Samaki sili sana," alisema mwishowe. "Andika, Mwalimu."

Wietske aliandika. Sababu ilijaza ukurasa na nusu, na ndani yake mlikuwa na mnara wa kanisa na mtambo wa tatu wa upepo. Ymkje alifika saa tisa kasorobo, na buti za bandani, akatia sahihi akiwa amesimama. Alisema kalamu ile haiandiki vizuri, na macho hakuyainua mpaka alipotoka.

Darasani, kikapu cha vibanio kilikuwa bado juu ya kabati. Fardau aliuliza kama kuna mtu anakihitaji. Hakuna aliyekihitaji, basi akaondoka nacho.

Wiki tatu baadaye, Wietske akitoka kumtembelea Hidde, alipita kwa baiskeli njia ya malishoni. Kwenye waya wa ua, pale palipokuwa na nyuzi za majani, sasa palibanwa vibanio vya nguo. Kwenye lango la kwanza kibanio cha Riemer. Mbele kidogo pacha mmoja, halafu mwingine, mbali na mwenzake. Majina ya darasa lake lote yalikuwa yametawanyika kuzunguka malisho yale, kila moja likimwonyesha mwenyewe mahali pa kusimama na kutazama.

Alisimamisha baiskeli, akainua mguu ashuke.

"Mwalimu, usishukie hapo."

Fardau alikuja kando ya mtaro, ufito wa kurukia mitaro begani, daftari kiunoni.

"Ametaga tena," alisema. "Manne."

"Yuleyule?"

"Yuleyule. Nimemjua kwa anavyodanganya."

Wietske alisogeza baiskeli kidogo, akashuka. Alitaka kusema mengi, akasema, "Naweza kumwona?"

"Unaweza. Ila kutoka hapa, si kutoka kule." Fardau akamshika kiwiko cha mkono, akampeleka hatua tano kando ya waya, pale palipobanwa kibanio kimoja ambacho hakikuwahi kuwa kikapuni. Kilikuwa kipya, na jina lilikuwa limeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko uleule wa daftari la hesabu: Wietske.

"Hapo ndipo pako," alisema Fardau. "Simama penye kibanio chako, usisogee."

Wietske akasimama. Kwanza alitazama nyasi, kisha akakumbuka, akainua macho.